Kamba ya Kwanza ya Dod Petrie

Nianze na ukweli, kabla watu wa Juu hawajakupotosha: kijiji chetu kinaitwa Bawingi. Kinaandikwa Balquhenzie, najua, na aliyekiandika hivyo ama alikuwa amelewa ama alikuwa analipwa kwa idadi ya herufi. Wageni wanaokuja kiangazi na magari yao yenye vitanda ndani huzisoma herufi zote, moja baada ya nyingine, kisha hutuuliza njia ya kwenda Balkwenzi. Tunawaelekeza vizuri, huku tumeuma midomo tusicheke. Hao tunawasamehe, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Wasiosameheka ni watu wa Juu. Kijiji chetu kina barabara moja yenye mteremko mkali. Chini iko bandari, pamoja na nyumba zetu sisi watu wa Pwani. Juu liko kanisa, iko shule, na ziko nyumba zao. Sisi tunasema Bawingi. Wao wanasema Bawini. Kutoka mlangoni kwangu hadi kanisani ni dakika sita kwa miguu, tisa upepo ukiwa wa kaskazini, na mahali fulani katikati ya mteremko huo, karibu na duka la mikate, ile "g" inadondoka na hakuna anayeinama kuiokota.

Mimi ni Wattie Geddes, Walter kwenye karatasi tu. Nimefanya kazi ya ufundi bomba miaka arobaini na mitatu, na katika miaka hiyo sikupata kukutana na mtu wa kunipandisha hasira kama Dod Petrie, aliyebatizwa George, dereva wa basi, mtu wa Juu.

Enzi hizo dereva ndiye aliyetangaza vituo kwa mdomo wake. Kila asubuhi nilipokwenda mjini kununua vifaa, na kila jioni niliporudi, Dod alipunguza mwendo pale bandarini, kwetu kabisa, mbele ya nyumba aliyozaliwa mama yangu, akapaza sauti: "Bawini!" Nami niliyekaa kiti cha mbele makusudi nikajibu: "Bawingi!" Yeye: "Bawini, mzee, shuka tuondoke." Mimi: "Siwezi kushuka mahali pasipokuwepo." Abiria wakaguna. Siku moja alinipitiliza hadi kituo cha mbele, maili mbili, nikarudi kwa miguu kwenye mvua nikiwa nimebeba sinki.

Usidhani aliishia kwenye basi. Nilipokuwa nyumbani simu ikilia, nikaipokea kwa adabu ya kazi, "Fundi bomba wa Bawingi, habari za asubuhi," nilisikia mtu akipumua, kisha: "Samahani, nimekosea namba. Namtafuta fundi wa Bawini." Anakata. Hili alilifanya miaka thelathini, na hakuna mara hata moja aliyoliona limechuja.

Mungu naye si wa kulala. Januari moja bomba la jikoni kwa Dod likapasuka kwa baridi. Simu ikalia.

"Wattie, njoo upesi, maji yamejaa jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Kwangu, bwana!"

"Kwako wapi? Kijiji gani?"

Nilisikia maji yakibubujika. Nilisikia Netta, mke wake, akipiga kelele nyuma. Dod alisimama na maji vifundoni dakika kumi nzima bila kutoa ile "g". Mwishowe Netta akamnyang'anya simu: "Bawingi, Bawingi, Bawingi! Umeridhika? Njoo na spana zako, mwendawazimu wewe!" Nilikwenda mbio. Dod alikaa siku nne bila kusema na mke wake, na mimi alinitazama nikiwa chini ya sinki lake akaniambia, "Wewe ni mtu mbaya sana, Wattie," kisha akaniletea chai na skonzi mbili zenye siagi.

Alipostaafu, kampuni ya basi ikaweka mashine ya kutangaza vituo. Sauti ya mwanamke, laini, iliyooga vizuri. Siku ya kwanza mimi na Dod tulipanda pamoja kwa kadi zetu za wazee za kusafiri bure, tuisikie. Basi likafika bandarini, mashine ikasema: "Balkwenzi."

Sijawahi kumwona Dod amepauka namna ile. Mimi mwenyewe nilishika chuma cha kiti. Hiyo ndiyo siku pekee tuliyokuwa upande mmoja. Tulikaa jikoni kwangu tukaandika barua ya malalamiko kwa kampuni, barua nzito, ya heshima, yenye neno "fedheha" mara tatu. Kampuni ikajibu kwa upole kuwa iko tayari kurekebisha. Tafadhali tuwaandikie jina linavyotamkwa. Tukawaandikia. Dod aliandika lake, mimi nikaandika langu, kila mmoja kwa karatasi yake, ndani ya bahasha moja. Wakaandika tena kuomba jibu moja. Tukakaa jikoni kutafuta jibu moja kuanzia saa nne asubuhi hadi Ishbel, mke wangu, alipotutoa nje na ufagio. Mashine inasema Balkwenzi mpaka leo.

Ikabaki desturi yetu ya kila Jumanne. Tunakwenda mjini, tunatazama maduka bila kununua kitu, tunarudi. Mashine ikisema Balkwenzi, Dod anasema Bawini, nami nasema Bawingi, halafu tunashuka.

Februari mwaka huu Dod akafa. Alimaliza chai yake, akaegemea kiti, basi.

Siku ya pili Netta alikuja kwetu, koti limelowa, akaweka kadi mezani. Kadi zile tunazijua sote. Kwetu jeneza halishushwi na wageni. Linashushwa kwa kamba nane na watu wa marehemu mwenyewe, na kila mmoja hutumiwa kadi yenye picha ya jeneza na namba ya kamba yake. Watu wamewahi kununiana hadi kufa kwa sababu ya kupewa kamba ya tano. Ya kwanza, ya kichwani, ni ya mwana, au ya ndugu wa tumbo moja. Dod na Netta hawakujaliwa watoto, na Dod alizaliwa peke yake.

Kwenye kadi ile pale kichwani palikuwa na duara la wino, na kando yake jina langu.

"Mimi?" nikasema. "Kamba ya kwanza?"

"Aliandika mwenyewe tangu Krismasi," Netta akasema. "Ila kuna sharti."

"Kwa Dod lazima liwepo."

"Mwenye kamba ya kwanza ndiye anayemtaja marehemu kabla hatujamshusha. Unajua. Jina lake na kijiji chake, kwa sauti." Akavuta pumzi. "Ameandika: Wattie aseme Bawini."

"Ng'o!"

"Wattie," Ishbel akasema.

"Ng'o, nimesema! Amekufa na bado ananichokoza! Hivi huyu mtu hachoki?"

"Basi kamba itakwenda kwa Torquil," Netta akasema. "Ndivyo alivyoandika. Wattie akikataa, apewe Torquil."

Torquil ni mtoto wa dada yake Netta, anakaa Edinburgh, anafanya kazi ambayo amenieleza mara mbili na sijaielewa. Katika miaka ishirini amefika kwetu mara tatu. Husema Balkwenzi, na ile "z" huivuta. Nilimwona Dod akilini mwangu, anaagwa kwa Balkwenzi. Nilimwona analala chini ya Balkwenzi milele. Netta naye aliliona hilo usoni mwangu, kwa maana aliinuka akafunga koti.

"Mazishi ni Ijumaa saa tano," akasema. "Nifahamishe, Wattie."

Nitasema wazi: nilikuwa nimemkumbuka Dod kupita kiasi. Nilikuwa nimekaa jikoni siku ile nzima nikiitazama simu, nikingoja mtu akosee namba. Kamba ile niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Lakini mtu amesema kitu kimoja miaka sabini na miwili, amekisikia kwa mama yake, na mama yake amekisikia kwa mama yake, huwezi kumwambia akigeuze kwa siku tatu kama anayegeuza soksi.

Hata hivyo nilijaribu. Nilijifungia bafuni, nikafungua bomba ili Ishbel asisikie.

"Bawi," nikasema. "Bawi. Bawi... ngi."

Tena. "Bawi. Ni. Bawi. Ni." Vipande viwili vilitoka salama. Nikaviunganisha: "Bawingi."

"Nimekusikia!" Ishbel akasema nje ya mlango.

"Ondoka hapo!"

"Jaribu kubana pua!"

Nilibana pua. Nilijaribu kwa kunong'ona, kwa kuimba, kwa kuziba masikio, kwa kushika penseli kati ya meno. "G" ilikuja kila mara, hata sijui ilipitia wapi. Alhamisi jioni Ishbel alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa bafu, akakaa kando yangu.

"Ni neno tu, Wattie."

"Kama ni neno tu, liseme wewe."

Akafungua mdomo. Akafunga. Ishbel ni mtoto wa Pwani kama mimi. "Kamba si yangu," akasema, akaenda zake kupika viazi.

Kama hayo hayatoshi, habari ziliteremka barabara yote. Wakati tunakula, mlango ukagongwa. Ecky Buchan, mwenyekiti wa klabu yetu ya Pwani ya bolingi, mchezo wa kuviringisha mipira nyasini, amevaa tai, nyuma yake wanachama wawili wameshika kofia mikononi.

"Tumesikia," Ecky akasema.

"Mmesikia nini?"

"Unajua tulichosikia. Wattie, sisi tunakuheshimu. Umeziba vyoo vya watu wote hapa."

"Nimezibua, Ecky."

"Umezibua. Samahani. Lakini ile 'g' si yako peke yako ukaitoa zawadi. Ni ya wote. Kesho watu wa Juu watakuwa wamesimama pale wote, wanasikiliza. Ukisema vile, watatucheka hadi wajukuu zetu. Mama yako..."

"Usimtaje mama yangu mbele ya viazi vyangu."

"Mimi nasema tu. Uanachama wako unaisha Machi. Itabidi kamati ikae."

Nilimfungia mlango. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilisimama palepale kwenye korido nikiutazama mlango, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Na hivi huyu anadhani yeye ndiye Bawini nzima?"

Ishbel akaangusha uma.

Tukatazamana. Nikasema tena, polepole: "Bawini." Likatoka. Nikasema mara tatu. Ilibidi nifikirie sura ya Ecky, basi, linatoka. Nikampigia Netta simu nikamwambia kamba ni yangu, nitasema. Akasema, "Sawa, Wattie," kwa sauti ambayo sikuielewa.

Ijumaa mvua ilinyesha ubavuni, ikisukumwa na upepo, kama kawaida makaburini kwetu. Watu wa Juu walijipanga kulia kwa kaburi, watu wa Pwani kushoto, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mchungaji wetu ni mama kutoka Glasgow. Wiki yake ya kwanza hapa aliuliza jina la kijiji linavyotamkwa, akaona kilichotokea, na tangu hapo huomba hivi: "Ee Bwana, kibariki kijiji hiki, ambacho wewe wajua jina lake." Ndivyo alivyoomba na siku ile, akarudi nyuma hatua mbili.

Msimamizi wa mazishi akaita namba. "Namba moja, Bwana Walter Geddes." Nikaenda kichwani, nikaipokea kamba. "Namba mbili, Bwana Torquil Haldane." Torquil akaenda miguuni, viatu vinang'aa, tayari vinazama kwenye tope. Wakaitwa wote wanane. Mbao zilizolishikilia jeneza juu ya kaburi zikaondolewa, na uzito wa Dod ukaja mikononi mwetu.

Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria. Au mimi ndiye nimekuwa mwepesi.

Netta alisimama mkabala nami, amevaa kofia ya bluu ambayo Dod aliichukia. Akanitikisia kichwa. Nikamfikiria Ecky, na Ecky mwenyewe alikuwepo, amenitolea macho. Neno lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi, halina "g" hata ya dawa.

"George Petrie," nikasema. "Dereva. Mume wa Netta. Wa Baw..."

Nikanyamaza.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nangoja. Miaka arobaini, kila nilipotangulia kulisema neno hilo mbele ya Dod, alinikatiza. Nikifika "Baw" tu, alishaingia na lake. Mwili wangu wote ulikuwa unamngoja aingie. Mvua inanipiga, kamba inanikata viganja, watu mia moja wamenyamaza, nami namtazama yule mtu chini kwenye sanduku, namwambia moyoni: haya, sema. Sema basi, Dod.

Hakusema. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa kweli. Jumanne, Jumatano, siku zote zile nilikuwa nimeambiwa tu.

Na kama nitasema Bawini, tutakuwa tumekubaliana, na mimi na Dod Petrie hatujawahi kukubaliana kwa lolote ila ile barua.

"Bawingi!" nikasema, kwa sauti iliyofika hadi bandarini. "George Petrie wa Bawingi!"

Watu wa Juu wakaguna kwa pamoja. Ecky akasema "Haswaa!" na mke wake akampiga kiwiko. Torquil, kijana wa watu, akatazama kulia na kushoto, akakumbuka maagizo ya Dod, akaanza kusogea na kamba yake kuja kunipokea yangu, na jeneza likainama upande wa miguu, msimamizi akasema "Jamani, jamani!"

"Rudi mahali pako, Torquil!" Netta akasema.

Torquil akarudi. Netta akanikazia macho. Nikajua kwamba nimemwaibisha mjane mbele ya kaburi la mume wake, na kwamba ninastahili kutumbukizwa humo humo.

"Bawini, mpumbavu wewe!" akapiga kelele. "Bawini! Bawini! Miaka arobaini, hata leo huwezi kumpa mtu raha!"

"Bawingi," nikasema. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni.

"Bawini! Haya, mshushe!"

Tukamshusha. Taratibu, kwa usawa, kama inavyotakiwa. Tukaziachia kamba zikamfuata. Netta alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, ameshika kofia isichukuliwe na upepo, na watu wa pande zote mbili hawakujua wafanye nini na nyuso zao.

Baadaye, ukumbini, kulikuwa na pai ya nyama na wiski. Torquil alinijia na kikombe chake akaniambia kwamba imemgusa sana, hasa pale nilipoitaja Balkwenzi. Ecky alikuwa nyuma yake, na mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa Juu, alikuwa mbele yake. "Bawingi!" akasema Ecky. "Bawini!" akasema mwalimu. Torquil akakosa pa kutazama, akaenda kusimama karibu na mchungaji.

Netta aliniletea sahani.

"Ulikuwa umeamua kusema," akasema. "Nilikuona. Mdomo ulishakaa."

"Nilikuwa nimeamua, Netta. Nilifanya mazoezi."

"Ishbel kaniambia. Na penseli." Akajifuta pua. "Sasa ikawaje?"

"Nilikuwa nangoja anikatize."

Aliniongezea pai, kipande chenye ukoko mwingi, kile alichokuwa akimwekea Dod.

"Maagizo yake je?" nikamuuliza. "Kamba ilikuwa iende kwa Torquil."

"Dod amekufa," Netta akasema. "Wa kuagiza aliyebaki ni mimi. Kula."

Jumanne nilipanda basi. Ishbel aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia maduka hayajitazami yenyewe. Nilikaa kiti chetu, upande wangu, sikukalia wa dirishani, wa Dod. Mjini nilizunguka nusu saa, nikarudi. Basi lilikuwa karibu limejaa, watu wa Juu na wa Pwani, mifuko magotini. Tukateremka mteremko, tukafika bandarini, na yule mwanamke wa kwenye mashine akasema kwa sauti yake iliyooga: "Balkwenzi."

Basi zima likanyamaza. Walikuwa wananitazama, nilijua. Zamu haikuwa yangu. Nilimngoja kidogo, kwa adabu, na dereva akafungua mlango, na upepo ukaingia.

"Bawini!" nikasema.

Lilitoka lenyewe, wazi, bila kumfikiria Ecky wala mtu yeyote. Mama mmoja mwenye mfuko wa viazi, mtu wa Pwani, aligeuka akanitumbulia macho.

"Wattie Geddes! Umesemaje wewe?"

"Hiyo ilikuwa ya Dod," nikamwambia.

Kisha nikasimama, nikashika chuma, nikasema yangu: "Bawingi!" na nikashuka.